Wakuu, sakafu ya sebule niweke nini?

Habari zenu wakuu. Nipo Tanga, karibu na bahari. Sebule yangu ni mita 4 kwa 5, sakafu ya saruji tupu. Mwaka jana nilitandika kapeti la plastiki, lile la kukatiwa kwa mita. Masika yalipoisha nikalifunua: ukungu mtupu, harufu usiseme, na penye miguu ya kochi limechanika. Mama watoto anataka zulia la manyoya, ila humu uji unamwagika kila asubuhi! Fundi mmoja anasema vigae, mwingine terazo (saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe kisha ikasuguliwa), eti nitawaachia wajukuu. Vigae vya kung'aa naviogopa, vikilowa vinateleza na bibi ya watoto tunaishi naye. Mliotumia vile vya uso wa kukwaruza, visivyoteleza, uchafu unatoka? Na huu unyevu wa chini niuzuieje kwanza?