Mrejesho: ule mkataba wa taimsheya

Wakuu, mrejesho wa taimsheya yangu (nyumba ya likizo mnayomiliki wengi, kila mtu ana wiki zake au pointi za kubadilisha na siku za kukaa). Niliuliza kama naweza kuvunja mkataba wa pointi za nyongeza niliosainishwa kwenye kikao walichodai ni cha taarifa kwa wamiliki, kumbe mauzo mwanzo mwisho. Mliosema nisitegemee simu niandike barua mlikuwa sahihi, maana nilipopiga nikazungushwa eti subiri meneja atakupigia, wakati siku za kughairi zinayoyoma (Umoja wa Ulaya ni 14, Florida 10), zikipita imekula kwako. Barua ya rejista ikaenda ndani ya muda, hela imerudi yote. Zawadi yao ya vocha wakae nayo.

La uongozi wa hizo nyumba, yaani bodi tunayoipigia kura sisi wamiliki, ndo bado bichi. Niliomba hesabu za ada ya matunzo na orodha ya wamiliki ili tuungane kwenye kura, hesabu wametoa, orodha wamegoma wanasingizia faragha. Bodi karibu yote ni watu wa kampuni iliyojenga, maana wiki ambazo hazijauzwa kura zake inapiga yenyewe, sasa hapo unamtoa nani? Tunakusanya fomu za uwakilishi (mmiliki asiyekuja anamruhusu mwenzake ampigie kura) kabla ya mkutano mkuu. Na wale wanaokuja inboksi kudai watakutoa kwenye mkataba ukiwalipa kwanza, wapigeni chini.