Leseni ya ukandarasi ya California iliyolala tangu 2021: dhamana ya zamani inatosha?

Fundi Zege, Moshi
Ndugu wanajukwaa, nina leseni ya ukandarasi wa zege ya jimbo la California, daraja C-8, kwa jina langu binafsi. Niliporejea Machame mwaka 2021 kumuuguza mama, niliiomba bodi ya leseni ya jimbo hilo iilaze, yaani ibaki yangu bila kutumika kwa muda, kwa kuwa leseni iliyolala haidaiwi dhamana, ile ahadi ya kampuni kumlipa mteja iwapo mkandarasi atamharibia kazi. Ada ya kuihuisha nimelipa kwa wakati, kwa hiyo haijaisha muda. Sasa ninajiandaa kurudi kazini. Katika faili langu ipo nakala ya dhamana ya dola 15,000. Je, niombe nyingine ya kiasi hicho hicho?

Mkadiriaji, Arusha
Haitoshi, ndugu yangu. Tangu tarehe 1 Januari 2023 dhamana hiyo ni dola 25,000. Usishtuke, maana fedha hizo huziweki mezani: unailipa kampuni ya dhamana ada ambayo ni sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, na ambayo hupanda iwapo kumbukumbu zako za mikopo si nzuri. Lakini usiichukulie kuwa bima, kwa sababu kampuni ikimlipa mteja uliyemharibia kazi, itakugeukia wewe uirudishie.

Lipo jambo jingine ambalo wengi waliolaza leseni hawalijui. Tarehe hiyo hiyo, wenye daraja C-8 walianza kutakiwa kuwa na bima ya fidia kwa wafanyakazi hata kama hawana kibarua hata mmoja. Bila hati ya bima hiyo, dhamana peke yake haitaiamsha leseni yako.

Mzee wa Zabuni, Moshi
Nakubaliana na Mkadiriaji. Sisi huku tumezoea dhamana inayofuata mkataba, iwe ya zabuni, ya utekelezaji au ya malipo ya awali, na kazi ikishakabidhiwa hatuifikirii tena. Ile ya California imefungwa kwenye leseni yenyewe. Ikikatika, leseni inasimamishwa. Aidha, usitie saini mkataba wala kutangaza kazi kule kabla bodi haijaiamsha. Na kwa kuwa umeandika ukiwa Moshi, nikukumbushe kwamba leseni hiyo haikufanyi mkandarasi hapa; huku ni mpaka usajiliwe na Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

Fundi Zege, Moshi
Shikamoo mzee, nashukuru. Hapa kwetu sikuwa na nia ya kuchukua kazi. Je, dhamana nikiichukua leo, inaweza kusubiri hadi nisafiri?

Mkadiriaji, Arusha
Isisubiri sana, kwani bodi inatakiwa kuipokea ndani ya siku 90 tangu ianze kufanya kazi. Hakikisha pia kwamba jina na namba ya leseni vimeandikwa kwenye dhamana sawasawa na vilivyo katika kumbukumbu za bodi.

Fundi Zege, Moshi
Nimefungua faili sasa hivi. Leseni ina majina yangu matatu, na fomu niliyojaza jana ina mawili. Naijaza upya.