Filamu yetu ya gesti: mwanzo haumshiki mtu, tumekosea wapi?

KijanaWaKirumba

Wakuu, salaam. Tuko watano hapa Mwanza, tunatengeneza filamu fupi ya dakika 18. Mgeni wa chumba namba 7 kwenye gesti anakutwa amekufa, na dada anayefagia vyumba ndiye anayekuja kugundua kilichotokea. Mwanzo tumeshaupiga: giza, mtu anahema, mkono wenye glavu nyeusi, kisu, ukelele, halafu maandishi "SIKU TATU KABLA". Muziki tumeweka wa kutisha haswa.

Nimewaonyesha watu tisa kwenye simu. Wanne waliniuliza filamu inaanza lini. Shangazi yangu alinirudishia simu akasema ataangalia akipata nafasi. Tatizo ni nini? Tuongeze damu?

FundiMkanda

Damu mnayo ya kutosha, mdogo wangu. Kitendawili ndicho hamna.

Mwishoni mwa miaka ya 90 nilikuwa naweka mikanda kwenye kibanda umiza kimoja, banda la kuonyesha video kwa kiingilio, Makorora, Tanga. Kazi yangu ilikuwa kurudisha mkanda mwanzo, kufuta kichwa cha deki kwa spiriti, na kukaa pembeni ya televisheni nikiwa nimewageukia watu. Nadhani nimetazama nyuso nyingi kuliko picha. Picha ikianza kwa vurugu, watu waliendelea kununua karanga na kugombania benchi. Ikianza kwa mtu anayefunga mlango, anakwenda hatua tatu, anarudi kuujaribu kama kweli umefungwa, kibanda kinanyamaza. Kisha mmoja anasema "steringi huyo," mwingine "wapi, adui huyo!" Hapo hatoki mtu hata mvua ikivuja.

Bibi akikutegea "nyumba yangu haina mlango", hajakuficha kila kitu. Nyumba kakupa. Kakwambia na mlango haina. Kaficha jina tu, yai, na wewe unahangaika nalo. Angezima koroboi akaanza kuhema, nani angejibu? Nyinyi mmezima koroboi mkahema. Mtazamaji hajui mkono ni wa nani, anayelia ni nani, wala hapo ni wapi. Hana hata pa kuanzia kuuliza.

Tafuteni filamu ya Kijerumani ya 1931 inayoitwa M, ya Fritz Lang. Ni ya zamani, haina rangi, msiidharau. Watoto wako duara uani wanaimba wimbo wa kutoana mchezoni, na wimbo wenyewe ni wa mtu mbaya anayekuja na kishoka. Mwanamke anawafokea waache. Mama mwingine anafua, anatazama saa, anatabasamu maana mwanawe anakaribia kutoka shule, anaandaa meza. Mtoto, Elsie, anakuja zake njiani akidundisha mpira. Anaudundisha kwenye nguzo yenye tangazo: zawadi ya maki 10,000, hela ya Ujerumani ya wakati huo, kwa atakayesaidia kumpata muuaji. Kivuli cha mtu mwenye kofia kinaangukia juu ya tangazo hilo hilo. Sauti inausifia mpira, inamuuliza mtoto jina. Kisha mtu huyo, bado hatumwoni uso, anamnunulia puto kwa muuzaji kipofu huku akipiga mluzi.

Baada ya hapo Lang haonyeshi tendo lolote. Mama anaita "Elsie!" Ngazi tupu. Darini nguo zimeanikwa, hakuna mtu. Sahani mezani haijaguswa. Mpira unabingirika kutoka kichakani, unasimama. Puto limenasa kwenye nyaya za simu.

Basi. Hakuna kisu. Jina la mtoto unalo, mama yake umemwona, sahani umeiona, tangazo umelisoma. Kilichofichwa ni uso mmoja. Na hata huo uso Lang haufichi hadi mwisho: anakuonyesha mapema tu, mtu anajitazama kwenye kioo, kwa sababu swali limeshahama. Sasa ni watamkamataje.

Hapa ndipo nilipokuwa nagombana na mtafsiri wetu pale kibandani, yule anayewaeleza watu picha kwa Kiswahili. Picha haijafika dakika ya pili, yeye kwenye maiki: "Mnamwona huyu mwenye koti? Ndiye muuaji, tulieni." Anatoa jibu kabla hatujampa mji! Siku moja watu walidai hela zao.

Maandishi ya "SIKU TATU KABLA" yafuteni. Hayo ni ya mtu anayejua kisa chake kinachelewa kuanza.

BenchiLaMbele

Fundi, hapo sikubaliani na wewe kote. Touch of Evil ya Orson Welles, 1958. Kitu cha kwanza ni mikono inatega saa ya bomu. Bomu linatiwa kwenye buti la gari, mwanamume na mwanamke wanapanda gari hawana habari, gari linakwenda polepole kuelekea mpaka wa Mexico na Marekani, na kamera inafuata bila kukata kwa dakika tatu na ushee. Mtazamaji kaambiwa kila kitu, na mimi maji yalinikwama kooni. Kwa hiyo kuficha siyo lazima.

FundiMkanda

Hiyo ni taharuki, BenchiLaMbele. Taharuki na fumbo ni ndugu, lakini si pacha. Kwenye fumbo unauliza nini kimetokea. Kwenye taharuki unajua kitakachotokea, walio kwenye picha hawajui, na huna namna ya kuwaambia. (Pale kibandani walijaribu: "Shukeni nyie!")

Ila tazama tena. Aliyetega ni nani? Tunachoachiwa ni kivuli kinachokimbia ukutani. Kwa nini kalitega? Hatuambiwi. Welles kakupa bomu zima ili usione kwamba sababu kaiweka mfukoni.

Dada_wa_Boom

Mimi narekodi sauti, niwasemee masikio. Hiyo Touch of Evil ilisukwa upya 1998 na Walter Murch, mhariri wa picha na sauti, akifuata waraka wa kurasa 58 ambao Welles aliiandikia studio. Kwenye ile ya kwanza, majina ya waigizaji na watengenezaji yalipita juu ya picha na muziki wa Henry Mancini ulifunika kila kitu. Murch aliviondoa vyote viwili, akaacha redio ya gari na muziki unaotoka kwenye baa za njiani. Matokeo yake redio ikisikika inasogea, unajua bomu nalo linasogea.

KijanaWaKirumba, zima huo muziki wako wa kutisha. Gesti ina feni inayogonga, ufagio, ndoo chini ya bomba, redio ya chumba cha jirani. Ukimwambia mtu aogope, hasikilizi tena.

FundiMkanda

Umenimalizia. Sasa mdogo wangu, nikuulize: gesti yenu ina daftari la wageni? Lina safu ya jina, atokako, aendako? Na ndala zina namba za vyumba? Hapo mwanzo wa filamu umeshaupata, na hata mia haukugharimu.

KijanaWaKirumba

Wakuu, nimerudi. Jana tumepiga upya, tumetumia saa mbili tu. Asubuhi. Ufagio unasikika kabla dada hajaonekana. Anafika mlango wa namba 7, nje kuna ndala jozi mbili. Moja ina 7. Nyingine haina namba. Anarudi mapokezi, anafungua daftari: chumba 7, mtu mmoja, na pale pa "aendako" pameandikwa kisha pakakwanguliwa kwa wembe. Anatazama ubao wa funguo. Ufunguo wa 7 uko mahali pake. Feni inagonga. Tumekata hapo, sekunde 70, bila muziki.

Nimempelekea shangazi. Hakunirudishia simu. Aliangalia mara mbili, akasema, "Hizo ndala zisizo na namba ni za mwenye gesti. Yeye ndiye aliyeua."

Amepatia. Ndivyo tulivyoandika. Tufanyeje sasa?

FundiMkanda

Mwacheni aamini hivyo. Halafu mwenye gesti afe dakika ya sita.