Mnaozipa alama bourbon na wiski za Ireland, mnatupotosha!

Wakuu salaam.

Matusi mtayaleta baadaye, someni kwanza. Kila kukicha mtu anatupia picha ya chupa, anaandika "laini sana, haichomi, 8/10", anasepa. Huo ni uchambuzi? Asilimia ya kilevi hakuitaja, nafaka hakuitaja, pipa ndiyo kabisa. Mtu anayetaka kutoa hela yake anunue, hiyo nane juu ya kumi aifanyie nini? Maker's Mark, ambayo ni bourbon (wiski ya Marekani ya mahindi), ni laini kwa sababu wameweka ngano mahali ambapo wengi wanaweka nafaka ya rai, na rai ndiyo inayoleta ule ukali wa pilipili. Sema hivyo, sentensi moja tu, mtu ataelewa.

Kinachoudhi zaidi ni hii tabia ya kuzipambanisha bourbon na za Ireland, halafu ya Ireland inakatwa alama eti "haina vanila wala karameli". Iitoe wapi? Sheria ya Marekani inataka bourbon iwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51 na ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani mpaka kikawa mkaa. Vanila na karameli mnazozisifia zinatoka kwenye mbao hizo zilizopata moto. Pipa likishatoa bourbon halirudiwi kwa bourbon nyingine, linauzwa, na mengi yanaishia Scotland na Ireland. Kwa hiyo Waairishi wanalipokea likiwa limeshakamuliwa! Juu ya hapo kwao ni baridi, wakati joto la kiangazi Kentucky linaisukuma pombe ndani ya mbao. Bourbon ya miaka 6 kuwa na rangi nzito kuliko ya Ireland ya miaka 12 si ajabu hata kidogo. Na rangi yenyewe isiwababaishe: Ireland wanaruhusiwa kutia karameli ya rangi, straight bourbon (iliyokaa pipani miaka 2 au zaidi) hairuhusiwi.

Ya Ireland itafute kwenye shayiri. Redbreast 12 au Green Spot zimetengenezwa kwa shayiri iliyooteshwa ikawa kimea pamoja na shayiri mbichi, kila moja isipungue asilimia 30, zikakenekwa (zikachemshwa na mvuke wake ukapozwa uwe pombe kali) kwenye mitungi ya shaba. Ile mbichi ndiyo inayoleta uzito wa mafuta mafuta ulimini na ukali wa viungo mwishoni. Kwenye Jameson ya kawaida utaipata kwa mbali, maana imechanganywa na wiski nyepesi ya nafaka. Na wale wa "za Ireland zote zinakenekwa mara tatu", katafuteni Connemara: mara mbili, na ina moshi wa mboji, ule udongo wa kinamasi unaochomwa kukausha kimea.

Tuje kwenye nguvu, hapa ndipo mnapoharibu kabisa. Bourbon ya Wild Turkey 101 ina asilimia 50.5, Jameson ina 40. Unazionja zote kavu, unatangaza kwamba ya kwanza "inachoma". Sasa ulitegemea nini? Zisawazishe. Chukua sirinji ya dawa isiyo na sindano: mililita 40 za wiski ya asilimia 50, ongeza maji 10, umeishusha mpaka 40. Kwa hiyo 101 weka maji 10.5. Yawe maji ya chupa, ya bomba yakiwa na klorini utainusa klorini. Acha dakika tano ndipo uonje. Barafu hapana, inafunga harufu, na inavyoyeyuka hujui tena umeonja asilimia ngapi. Anayetia Coca-Cola anywe kwa raha zake, ila alama asitoe.

Glasi iwe imebana mdomoni. Pua usiizamishe kama unanusa mvinyo, mvuke wa kilevi utaitia ganzi na hutanusa kitu tena. Isogeze taratibu, mdomo ukiwa wazi kidogo. Funda la kwanza halihesabiwi, linauamsha ulimi tu. Hukumu kuanzia la pili. Na kama hukuzisawazisha, anza na yenye asilimia ndogo, la sivyo ya Ireland ikifuata nyuma ya 101 utaiona maji.

Halafu lebo, jamani, lebo! Bourbon si lazima itoke Kentucky, popote Marekani inafaa. Jack Daniel's haijiiti bourbon, imejiandika wiski ya Tennessee, na inachujwa kwenye mkaa wa maple kabla ya kuingia pipani. Straight isiyotaja umri ina miaka 4 au zaidi. Bottled in Bond ni sheria ya 1897: kiwanda kimoja, msimu mmoja, miaka 4 kwenda juu, asilimia 50 kamili. Mkiona kampuni ni ya jimbo jingine, ila kwa maandishi madogo nyuma pameandikwa Distilled in Indiana (imekenekwa Indiana), basi aliyeweka nembo hakuikeneka yeye. Msije kumsifia "ufundi wa mtungi wake".

Mwisho, chupa isimame wima na ikae gizani. Mkilaza kama mvinyo, kilevi kinakula kizibo. Na chupa iliyobaki robo, ikakaa miezi imejaa hewa, msiitolee hukumu kama mpya.

Kuanzia leo ukileta uchambuzi, weka na picha ya nyuma ya chupa. Haya, leteni povu.