Wauza magobori Mji Mkongwe mnatuona mabwege?? "Haijaguswa" gani hiyo

Salaam wakuu, leo nna hasira zangu na nazitoa hapa hapa. Ami yangu anatengeneza nyumba ya wageni huko Shangani, akataka bunduki ya kale aitundike ukumbini (mambo ya kibali cha polisi ni uzi mwengine), akaingia duka moja la vitu vya kale, jina silitaji, akauziwa gumegume (bunduki ya kale inayowashwa kwa cheche za jiwe) kwa milioni moja na laki mbili. Kaambiwa ni ya jeshi la Muingereza, imepigana vita vya Waterloo 1815, orijino, haijaguswa hata skrubu.

Naletewa niitizame, kwenye bamba la mtambo (ile sehemu ya ubavuni inayofyatua) pana taji na VR. VR ni Malkia Victoria wa Uingereza jamani! Kakalia kiti 1837. Sasa huko Waterloo kaenda nayo nani?? Na jeshi lao lilianza kuhamia kwenye fataki (bunduki zinazowashwa kwa kikofia cha baruti kinachogongwa, badala ya jiwe) mwishoni mwa miaka ya 1830, kwa hiyo VR na jiwe la gumegume pamoja, hapo tayari pana walakini.

Nikaufungua mtambo. Yarabi! Kile kikombe cha baruti kimebanwa kwa skrubu ya nyota, hizi hizi za sokoni Darajani, ubavuni mwa mtutu pale ilipokuwa inakaa fataki pamejazwa kwa welding, pakapigwa msasa, pakapakwa lidude jeusi, ukipitisha ukucha unausikia mfuo. Tundu la kupitisha moto kuingia mtutuni limetobolewa kwa drili, duara safi kingo kali, na gumegume iliyopigwa kweli chuma cha pale huliwa na baruti kikafanya vishimoshimo, na kile chuma kinachogongwa na jiwe huwa kina michirizi. Hichi kinang'ara kama sufuria la arusi. Mbao nayo imesuguliwa mpaka mihuri ya tako imefutika nusu na vyuma vimesimama juu ya mbao, wakati fundi wa zamani alivilaza sawasawa.

Na mnielewe, sina ugomvi na bunduki iliyobadilishwa. Magumegume mengi yaligeuzwa fataki zama zake wenyewe, ndo historia yake hiyo, na meli za Wamarekani na Wazungu zimeshusha hapa Unguja bunduki chungu nzima zama za Sayyid Said, zikiwemo zilizokwisha kazi majeshini kwao. Fataki ingekuwa fataki tu, ami angeinunua vile vile na mie ningemsifia. Lakini kuichukua fataki nzima ya watu ukaigeuza kinyumenyume ionekane kongwe zaidi, unaua kitu cha kweli kutengeneza cha uongo, halafu unampandishia mtu bei!

Tumerudi dukani, jamaa hana hata haya, "kijana hujui kitu wewe", eti nilipofungua mtambo ndo nimeiharibu na pesa hairudi. Kumbe ami siku ya kununua aliomba ifunguliwe akakataliwa, kaambiwa itavunjika. Mtambo wenyewe unashikwa na skrubu mbili tu kutoka ubavu wa pili, itavunjika nini? Anayekukatalia usiione ndani ana lake jambo.

Mwenye duka najua umo humu unasoma. Pesa ya ami irudi, la sivyo picha zote nazitupia hapa, ndani na nje, na ile welding yako.

Wengine mliouziwa kama sisi, kuna aliyewahi kurudishiwa chake? Alipitia wapi, kwa sheha au polisi?