Projekta imenipa darasa tulivu, lakini hawaelewi. Nifanyeje?

Mwalimu wa Zamu:
Walimu wenzangu, habari za majukumu.

Nafundisha fizikia sekondari, huu mwaka wa 11 kazini. Muhula uliopita nilipata projekta, nikahamishia humo vipindi vyangu vyote: slaidi, michoro ya rangi, video. Nimekesha jamani. Slaidi za umeme peke yake zilinila wikendi mbili. Mwanzoni nilifurahi, maana darasa la watoto 50 na ushee lilikuwa kimya, nikadhani wamezama kwenye somo.

Juma lililopita ndiyo nimezinduka. Niliwaonyesha mchoro unaotembea: betri, waya, balbu mbili zimepangwa mfululizo, vidoti vya njano vinazunguka. Nikauliza kama kuna swali, kimya. Kesho yake nikawapa jaribio. Swali la tatu: balbu zikiwa za aina moja, ipi itawaka zaidi, ya kwanza au ya pili, au zitalingana? Zaidi ya nusu wamejibu ya kwanza. Mmoja ameandika, "Kwa sababu ndiyo inaanza kula umeme, ya pili inapata makombo." Makombo! Mwingine, tena katika wale ninaowategemea, amechora mishale minene kabla ya balbu na myembamba baada yake. Ile karatasi niliikodolea macho muda mrefu.

Enzi za chaki sikumbuki kukutana na haya. Na sasa mkuu wa shule ameshanitolea mfano kwenye kikao, wengine waige! Niirudishe projekta stoo, au kuna mahali nakosea?

Vumbi la Chaki:
Pole mwalimu. Ukichora ubaoni, mwanafunzi anachora nawe: betri kwanza, kisha waya, kisha balbu, na ukikosea anakukosoa. Slaidi inamfikia ikiwa imeshaiva, yeye kazi yake ni kunakili kabla hujabonyeza inayofuata. Mimi naiwasha dakika tano, kile kisichochoreka tu, halafu naizima. Na dirisha moja liache wazi. Giza na feni baada ya chakula cha mchana, hata mimi ningelala.

Bi. Vipimo:
Naomba kupingana kidogo na Vumbi. Msiisingizie projekta. Dhana kwamba mkondo wa umeme unaliwa na balbu ni ya zamani sana, wanafunzi wanaingia nayo darasani kabla hujawasha chochote. Enzi za chaki ulikuwa unauliza "tumeelewana?", wanaitika "ndiyooo", mnasonga mbele. Safari hii umeuliza swali lenye meno, ndiyo maana umeona.

Yalimkuta hata Eric Mazur, mwalimu wa fizikia pale Harvard. Wanafunzi wake walikokotoa vizuri tu, lakini swali jepesi la dhana likawaangusha. Mwaka 1991 akabadili mtindo: anatoa swali, kila mmoja anachagua jibu kivyake, wanabishana na majirani, kisha wanachagua tena. Fikiria, mabishano tu, bila mwalimu kueleza upya, na wengi wanahamia kwenye jibu sahihi.

Kwako wewe kosa naliona moja: umewaonyesha jibu kabla hawajajifunga. Asiyebashiri hana cha kupoteza. Akiona vidoti vinazunguka anaitikia kwa kichwa, basi. Simamisha picha kabla swichi haijawashwa. Waandike kwa kalamu, si penseli: ipi itawaka zaidi, na kwa nini. Ndipo uiachie.

Waya Mwekundu:
Nyongeza. Achana na video, video haibishaniki. Tafuta PhET, majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, ile ya Chuo Kikuu cha Colorado aliyoianzisha Carl Wieman mwaka 2002. Ni ya bure, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Ina sehemu ya kujenga mizunguko ya umeme. Weka ammita (vipima mkondo) mbili, moja kabla ya balbu na moja baada yake, mwite yule wa mishale minene aje asome mwenyewe.

Kipindi cha Nane:
Za kupiga kura kuna kadi za Plickers. Kila mtoto anainua kadi yake, wewe unazisoma kwa kamera ya simu. Nilizitumia mwezi mzima. Nzuri, ila mimi dakika zangu ziliishia kuwahimiza wasifunike alama kwa vidole. Sasa wanafumba macho na kuinua kidole kimoja, viwili au vitatu kifuani. Haina chaji wala haigomi.

Mwalimu wa Zamu:
Nimerudi na mrejesho. Nilifanya kama alivyosema Bi. Vipimo, vidole kama alivyosema Kipindi. Mwanzo wengi vidole ni kimoja, yaani balbu ya kwanza. Nikawaachia wabishane dakika nne, kelele mpaka mwalimu wa jirani akachungulia. PhET ikafunguka, ammita zote mbili namba ileile. Kimya, ila safari hii kimya cha watu waliokamatwa.

Nikajitia ujanja, nikatoa balbu halisi. Bahati mbaya ya kwanza ikawaka zaidi kidogo! Darasa zima, "Tulisema!" Jasho lilinitoka. Msichana wa nyuma ndiye aliyeniokoa: "Tuzibadilishane nafasi." Tukazibadilisha, na ule mwanga mkali ukahama pamoja na balbu yake. Kumbe balbu zenyewe ndizo hazikulingana. Kwenye slaidi zangu hilo lisingetokea kamwe.

Projekta inabaki, slaidi nimefuta zaidi ya nusu. Ila wa mishale minene kaniachia swali kengele ikigonga: kama mkondo hauliwi, mbona betri inaisha? Nawajibu Jumatatu. Mwenye njia isiyohitaji slaidi 20 anisaidie.

Vumbi la Chaki:
Ingia na baiskeli darasani, igeuze magurudumu juu. Mmoja azungushe pedali, mwingine abane tairi la nyuma kwa kitambaa. Waambie wahesabu pingili za mnyororo kabla na baada, halafu wamuulize anayezungusha: mkono wako unasemaje? Mnyororo ndio mkondo, mkono ndio betri.