Mjadala: Je, majenerali wa Hitler walikuwa wahanga wa bosi wao?

Wakuu, kila Vita ya Pili ya Dunia ikitajwa hakosekani mtu wa kusema Hitler angewaachia majenerali kazi yao, Ujerumani ingeshinda. Mimi nauliza kwanza: maelezo hayo kaandikisha nani?

Kwa sehemu kubwa ni Franz Halder, Mnadhimu Mkuu wa jeshi la nchi kavu tangu 1938 hadi Hitler alipomtimua Septemba 1942. Baada ya vita, kitengo cha historia cha jeshi la Marekani kilimpa kazi ya kusimamia maofisa wenzake waandike walichokiona vitani. Wamarekani walitaka kujua Warusi wanapiganwa vipi, Halder alitaka jeshi lake lisafishwe jina. Kila mtu akapata chake. 1949 akatoa kijitabu cha kumponda Hitler kama amiri jeshi, 1955 Manstein, aliyekuwa fildi mashali wa Hitler, akafuata na kumbukumbu zake. Marehemu hahojiwi, basi wakambebesha mzigo wote.

Nyaraka za wakati ule zinasema mengine. Amri ya vifaru kusimama karibu na Dunkirk, bandari ya Ufaransa, Mei 1940? Jenerali Rundstedt alitangulia kuvisimamisha, Hitler akagonga muhuri. Stalingrad? Jeshi la Jenerali Paulus lilipozingirwa na Warusi Novemba 1942, Manstein naye mwanzoni alishauri lisitoke kwanza.

Na sijagusa damu. Amri ya Juni 1941 ya kuwaua makomisaa (maofisa wa siasa) wa Jeshi Jekundu la Wasovieti ilitayarishwa na maofisa wa makao makuu, watu wenye nishani vifuani. Manstein alihukumiwa miaka 18 na mahakama ya Waingereza huko Hamburg mwaka 1949. 1953 yuko uraiani. Halafu kuna ile posho ya siri, marki 4,000 kila mwezi kwa mafildi mashali, bila kodi. Wahanga gani hao?

Karibuni tubishane.

*Jibu la kwanza:*
Mkuu, umewatia wote kapu moja. Ludwig Beck, aliyemtangulia Halder, aliachia ngazi 1938 kwa kupinga vita, na akafa Julai 20, 1944 jaribio la kumuua Hitler lilipofeli. Tena kuanzia Desemba 1941 Hitler alijipa mwenyewe uongozi wa jeshi la nchi kavu. Paulus alipotaka ruhusa ya kutoka Stalingrad, aliyekataa ni nani? Wasifu wa Manstein usituzuie kuona hilo.

*Jibu la pili:*
Mnabishania Hitler na majenerali kama vile Warusi hawakuwepo uwanjani. Agosti 1941 Halder alitaka Moscow, Hitler akapeleka vifaru Kyiv, na Wajerumani wakahesabu mateka zaidi ya 600,000. Huyo "mjinga" hapo alikosea nini? Na bado hawakushinda, maana mafuta, reli na akiba ya watu havikutosha.

*Mleta mada:*
Beck nakupa, mkuu, lakini alikuwa mmoja tu, wengi waliendelea kupokea posho. Kuhusu Warusi, msome Halder mwenyewe kabla hajapata muda wa kujitetea. Julai 3, 1941 aliandika katika shajara kwamba si kutia chumvi kusema Wajerumani wameshashinda vita vya Urusi ndani ya wiki mbili. Agosti 11 anakiri walimdharau adui: walitarajia divisheni 200, wameshahesabu 360. Hesabu ile ya kwanza ilitoka kwa wanadhimu wake.